Bia ya nyumbani imezidi uchungu: lita 20, bado haijaingia chupani

Ndoo_ya_Mukono

Wakubwa, habari zenu. Kuna lita 20 za bia ya dhahabu kwenye ndoo, imeshamaliza kuchachuka, lakini uchungu umefunika kila kitu. Utamu wa kimea hausikiki kabisa, na ukishameza uchungu unabaki kooni dakika nzima. Naweka takwimu zote ili tusipige ramli:

Kimea cha shayiri kilo 4.5, kimekaa kwenye maji ya digrii 66 kwa saa moja. Maelekezo yalitaka hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) za aina ya East Kent Goldings gramu 40 kwa dakika 60 za kuchemsha, halafu gramu 20 dakika 10 za mwisho. Goldings hazikupatikana, zikatumika Magnum, uzito uleule. Pakiti inasema asidi za alfa, zile zinazoleta uchungu, ni asilimia 12.5. Moto ulipozimwa sufuria ilifunikwa ikaachwa ipoe yenyewe hadi asubuhi. Hamira kavu ya bia gramu 11. Haidromita (kipimo cha sukari iliyomo) ilianza 1.050, sasa ni 1.010 na haijasogea siku tatu. Ni siku ya 12 tangu hamira iingie. Chumba kiko digrii 25 hadi 26. Maji ni ya bomba.

Nimeshauriwa niongeze nusu kilo ya sukari kabla ya kujaza chupa. Mwingine kasema kijiko cha magadi soda. Sijagusa kitu bado. Bia inahitajika kwenye kwanjula, sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa, wiki sita kutoka leo. Inaokoleka?

Kimea_Jinja

Ssebo, vyote viwili acha, na ninasisitiza.

Sukari kwanza. Hamira bado iko hai humo ndani hata kama bia imetulia. Kila gramu 4 za sukari ya kawaida kwa lita moja huzaa takriban ujazo mmoja wa gesi, yaani lita moja ya gesi kwa lita moja ya bia. Nusu kilo kwa lita 20 ni gramu 25 kwa lita, maana yake zaidi ya ujazo 6, juu ya ule uliomo tayari. Chupa ya bia ya kawaida inatakiwa kubeba kama ujazo 2.5. Hizo chupa zitapasuka, na kipande cha kioo hakichagui jicho la nani. Halafu utamu wenyewe hautakuwepo, kwa sababu hamira itakuwa imeula wote. Asali ni vilevile, na jaguri vilevile.

Magadi soda hupunguza uchachu wa bia, yaani hupandisha pH. Bia ikiwa na pH ya juu uchungu wa hopsi husikika mkali zaidi na usiotaka kuondoka, na juu yake unapata ladha ya sabuni. Unaongeza tatizo ulilotaka kulitibu.

Kabla ya kwenda mbele, tuhakikishe kwamba huu ni uchungu kweli. Watu wengi huita "uchungu" mambo manne tofauti, na dawa zake hazifanani. Chota glasi kutoka katikati ya ndoo, si chini, iweke kwenye friji usiku kucha ili mashapo yatulie, mimina ile safi ya juu, onja, kisha utueleze:

Je, fizi na ulimi vinakauka kama umekunywa chai ya majani iliyosahauliwa jikoni, au umeng'ata pera bichi? Huo ni ukakasi wa tanini.
Je, kuna harufu ya plasta au ya wodi ya hospitali? Hiyo ni klorini ya bomba iliyokutana na kimea na hamira.
Je, kifua kinawaka kama umekunywa waragi? Hiyo ni pombe nzito inayotoka kwa hamira ikifanya kazi kwenye joto kali.
Au ni uchungu safi, nyuma ya ulimi, unaokaa?

Ndoo_ya_Mukono

Nimefanya hivyo. Glasi ya friji ni afadhali kidogo kuliko ile ya jana, lakini bado. Fizi hazikauki. Harufu ya hospitali hakuna. Kifua hakiwaki. Ni uchungu nyuma ya ulimi, basi.

Kimea_Jinja

Basi kosa liko kwenye mizani, si kwenye usafi. Hilo ni jambo jema, bia yenyewe ni nzima.

Hesabu iko hivi. Chukua gramu za hopsi, zidisha kwa asilimia ya asidi za alfa, badili iwe miligramu, gawanya kwa lita. Kisha zidisha kwa sehemu ya asidi ambayo kweli huingia kwenye bia. Kwa bia inayoanzia 1.050, hopsi zilizochemka dakika 60 hutoa kama 0.23, na za dakika 10 kama 0.08.

Maelekezo yako yalivyokusudia, kwa Goldings za asilimia 5: gramu 40 ni miligramu 100 za asidi kwa lita, mara 0.23 unapata IBU 23 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia). Gramu 20 za mwisho zinaongeza 4. Jumla 27.

Ulichofanya, kwa Magnum za 12.5: gramu 40 ni miligramu 250 kwa lita, mara 0.23 ni 57 na ushei. Zile 20 zinaongeza 10. Jumla 68.

Ukitaka kujua bia itakaaje mdomoni, usiangalie IBU peke yake. Igawanye kwa tarakimu mbili za mwisho za haidromita ya mwanzo. 27 kwa 50 ni 0.54, bia tulivu. 0.6 hadi 0.8 ni bia ya dhahabu yenye hopsi za kusikika. Yako ni 68 kwa 50, yaani 1.36. Kimea hakina nafasi hapo.

Hopsi hubadilishwa kwa asidi, si kwa uzito. Gramu 40 za asilimia 5 ni sawa na gramu 16 za asilimia 12.5. Hilo liandike ukutani juu ya jiko. Na mizani ya jikoni inayoruka gramu 5 kwa 5 haifai kwa hopsi kali, tafuta ile ndogo ya dijitali inayosoma 0.1.

Kosa la pili ni ule usiku kwenye sufuria. Asidi za alfa hugeuka kuwa uchungu kwa joto, na joto haliishi moto ukizimwa. Lita 20 zilizofunikwa hukaa juu ya digrii 80 kwa muda mrefu, kwa hiyo zile hopsi ulizohesabia dakika 10 zilifanya kazi ya dakika 30 au zaidi. Kwa upande mwingine Kampala na Mukono maji huchemka kwenye digrii 96 hivi kwa sababu ya mwinuko, na hapo mageuzi huenda polepole kuliko kwenye 100. Mambo haya mawili yanavutana, kwa hiyo 68 naichukua kama namba ya kufanyia kazi. Mara nyingine ingiza sufuria kwenye karai la maji baridi, badili maji mara tatu nne, ishuke chini ya 80 ndani ya robo saa.

Mama_wa_Soroti

Nakubaliana na hesabu. Nataka kuongeza jambo kwa watakaosoma mjadala huu wakiwa na mtama kwenye ndoo badala ya shayiri, maana hapa kwetu ndio wengi.

Mtama mweupe kama Epuripur, ule unaolimwa kwa ajili ya viwanda vya bia, hauna tanini ya kusumbua. Mtama mwekundu na wa kahawia unayo tele, iko kwenye ngozi ya ndani ya punje. Ukichanganya huo kwenye bia ya hopsi unapata uchungu na ukakasi kwa pamoja, na watu wanalaumu hopsi bure. Tanini hiyo pia hushika vimeng'enya vya kimea, hivyo sukari inatoka kidogo na bia inakuwa nyembamba, jambo linalofanya uchungu uonekane mkubwa zaidi. Wazee wa Kigezi walishalijua hili. Mtama wa kahawia wa kutengenezea kimea hulowekwa kwenye maji ya majivu kabla ya kuuotesha, na majivu yanaituliza tanini.

Hata kwa shayiri tupu ukakasi unakuja ukisuuza makapi kwa maji yanayozidi digrii 77, au ukiendelea kukamua mpaka haidromita ya yanayotoka inashuka chini ya 1.010. Mwishoni hapo unakamua maganda, sukari imekwisha. Acha.

Na wale wa ajon, pombe yetu ya wimbi: kwetu hakuna hopsi, kwa hiyo ajon ikiwa chungu angalia bati la kukaangia. Unga wa wimbi uliochacha ukikaangwa mpaka kuwa mweusi badala ya kahawia, uchungu huo ni wa kuungua na hautoki kwa kuongeza maji ya moto chunguni. Dawa ni kuchanganya na unga mwingine uliokaangwa vizuri. Kuchanganya ndio dawa hata kwa huyu ndugu wa Mukono, kwa maoni yangu.

Hopsi_na_Haidromita

Mama kasema kweli, ila kabla ya kuchanganya mimi ningeanza na baridi. Ndugu wa Mukono mwenyewe ameona glasi ya friji ni afadhali. Sehemu ya uchungu kwenye bia changa inabebwa na hamira inayoelea na chembe za hopsi, na hivyo vyote vikishuka chini uchungu unapungua bila kuharibu kitu.

Shusha ndoo nzima hadi digrii 1 hadi 4 kwa siku tatu mpaka tano. Kama friji haiingizi ndoo, gawa kwenye jerikeni mbili safi za lita 10, zijae hadi shingoni ili hewa isibaki. Ukitaka isafike zaidi, jelatini isiyo na ladha gramu 4 kwenye mililita 150 za maji, acha dakika 10 ivimbe, pasha hadi digrii 65 hadi 70 (ikichemka inapoteza nguvu), mimina kwenye bia ikiwa tayari baridi. Siku mbili baadaye hamisha bia kwa mpira, acha mashapo. Jelatini hushika pia sehemu ya tanini.

Usitarajie makubwa. Asidi zenyewe za hopsi zimeyeyuka, hazishuki kwa baridi. Kwa bia ya 68 ulimi utasikia nafuu, lakini bado itakuwa chungu.

Ndoo_ya_Mukono

Asanteni sana. Je, nikiiacha tu ikomae? Nimesoma kwamba uchungu hupungua kwa muda.

Hopsi_na_Haidromita

Hupungua, lakini kwa wakati usio wako. Wiki mbili tatu za kwanza nafuu inatokana na kutulia kwa mashapo, niliyokwisha kueleza. Baada ya hapo uchungu wenyewe unavunjika polepole, ni suala la miezi. Kwa joto letu la digrii 25 bia ya dhahabu itakuwa imeanza kunukia karatasi iliyoloa kabla uchungu haujafika unapotaka. Bia nzito nyeusi inavumilia kungoja. Hii haivumilii. Na una wiki sita tu.

Kimea_Jinja

Sawasawa. Kwa hiyo tuzungumzie kuchanganya, ndilo suluhisho lenyewe.

Pika lita 20 nyingine zenye hopsi kidogo sana. Usizikose kabisa, kwa sababu hopsi ndizo zinazozuia bakteria wa uchachu, na bia isiyo na hopsi kwenye joto la Mukono inaweza kuchacha kabla hujaichanganya. Lenga IBU 10: Magnum gramu 7 kwa dakika 60, na hakuna nyingine mwishoni. Kimea kilekile kilo 4.5, lakini safari hii kiloweke kwa digrii 69 badala ya 66. Joto hilo huacha sukari nzito ambazo hamira haiwezi kuzila, bia inaishia 1.013 au 1.014 na inakuwa na mwili, yaani uzito mdomoni, wa kubeba uchungu wa mwenzake. Kama una kimea cha karameli, gramu 300 zitasaidia mno. Ikikosekana, usihangaike.

Ukichanganya nusu kwa nusu: 68 na 10 ni 78, gawa kwa mbili, unapata 39. Kwa bia ya 1.050 hiyo ni 0.78, juu kidogo ya bia ya dukani lakini ndani ya mipaka, watu wa kwanjula watakunywa. Ukitaka ishuke hadi 30, kila lita 20 za chungu zinahitaji lita 38 za tulivu. Huna ndoo za kutosha, na ninaona si lazima.

Kabla hujawasha jiko, jaribu kwenye glasi. Nunua chupa moja ya lager nyepesi ya dukani, Bell kwa mfano, itikise gesi itoke. Kwa bomba la sindano bila sindano yake, pima mililita 50 za bia yako na 50 za hiyo, kisha glasi nyingine 40 kwa 60, na nyingine 30 kwa 70. Mpe mtu mwingine aonje bila kumwambia ipi ni ipi, kwa sababu ulimi wako umeshazoea. Uwiano atakaoupenda ndio utakaokuambia upike kiasi gani.

Wakati unangoja, bia ya kwanza iache ndani ya ndoo iliyofungwa, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani, usiifungue kuionja kila siku. Kila ukifungua unaingiza hewa.

Siku ya kuchanganya ni hii tu: bia zote mbili haidromita imesimama siku tatu. Ikiwa moja bado inachachuka, hamira yake itaendelea ndani ya chupa. Hamisha kwa mpira, ncha ifike chini kabisa ya chombo kipya, bia isirushe mapovu. Usimimine kwa juu kama maji. Oksijeni ikiingia sasa haitoki tena.

Mwonjaji_Ntinda

Naomba niulize kwa niaba ya wasio na ndoo ya pili. Kuongeza maji?

Hopsi_na_Haidromita

Inawezekana kwa kiasi kidogo, na maji yawe yamechemshwa dakika 10 yakapozwa yakiwa yamefunikwa, ili oksijeni na klorini viondoke. Asilimia 10, basi. Lita 2 kwenye 20 zinashusha 68 hadi 62, na pombe kutoka asilimia 5.2 hadi 4.7 hivi. Unaona mwenyewe: umepoteza mwili wa bia na uchungu bado upo. Kwa bia nzito ya asilimia 7 au 8 ningesema ndiyo bila kusita. Kwa hii, hapana.

Laktosi ni bora kuliko maji. Ni sukari ya maziwa, hamira ya bia haiwezi kuila, kwa hiyo chupa ziko salama. Utamu wake ni mdogo sana ukilinganisha na sukari ya chai, kwa hiyo gramu 15 kwa lita ndiyo inayoanza kusikika. Kwa lita 20 ni gramu 300, zichemshe kwenye maji kidogo dakika 10, zipoze, changanya. Lakini lazima uwaambie wageni: watu wazima wengi matumbo yao hayapatani na sukari hiyo, na mtu hategemei maziwa kwenye bia. Stevia nayo haichachuki, ila ina uchungu wake wa mwisho mdomoni, sijui utakuwa umetibu nini.

Chumvi ya mezani nayo ina kazi hapa, watu huidharau. Gramu 2 kwa lita 20 nzima, zaidi ya hapo hapana. Haionekani kama chumvi, bali inaukuza utamu wa kimea na kulainisha mwisho wa uchungu. Jaribu kwanza kwenye glasi: yeyusha gramu 1 kwenye mililita 100 za maji, weka mililita 2 za maji hayo kwenye glasi ya mililita 200 ya bia. Hicho ndicho kipimo chenyewe.

Na kuna njia ya kunywea: glasini, nusu bia nusu soda ya ndimu au ya tangawizi. Glasini tu, wakati wa kunywa. Usiingize soda kwenye chupa za kuhifadhi, sababu ni ileile ya sukari. Na usichukue soda yenye kwinini, hiyo ni chungu juu ya chungu.

Ndoo_ya_Mukono

Nimeelewa. Nimejaribu glasi tatu, aliyeonja amechagua 50 kwa 50 bila kusita. Jumamosi napika ya pili. Swali la mwisho: sukari ya gesi kwa lita 40 nitie ngapi, na wiki zinatosha?

Kimea_Jinja

Wiki zinatosha bila nafasi ya kupoteza. Siku 12 hadi 14 kuchachuka, siku 3 baridi, hiyo ni wiki mbili na nusu. Wiki mbili hadi tatu kwenye chupa. Weka ndoo ya pili ndani ya karai la maji, ifunike kwa shuka lililoloa ili joto lisizidi digrii 21 siku nne za kwanza. Maji ya bomba yachemshe jioni ya kabla, au yaache wazi usiku kucha.

Sukari ya gesi: kwa bia chungu punguza. Gesi nyingi ina mchomo wake ambao huungana na uchungu. Wengine hutia gramu 6 au 7 kwa lita, wewe tia 5. Lita 40 ni gramu 200, lakini pima kwanza bia uliyonayo kweli baada ya mashapo, labda zitabaki 37, basi ni gramu 185. Chemsha sukari hiyo kwenye nusu lita ya maji, ipoe, iweke chini ya ndoo ya kujazia kwanza, halafu bia iingie juu yake kwa mpira na ijichanganye. Ukoroge polepole mara mbili tatu kwa mwiko uliosafishwa. Sukari isipoenea sawa, chupa moja haitakuwa na gesi na nyingine itaruka.

Jaza chupa moja ya plastiki ya soda pamoja na zile za kioo, ibane hewa itoke kabla ya kufunga. Iminye kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, kwa kawaida siku ya 7 hadi 10, gesi imekamilika kwa zote. Ikigeuka jiwe na kuanza kuvimba kabla ya siku ya 5, hamisha chupa zote za kioo kwenye friji siku hiyohiyo, ukiwa umejifunika mikono na uso.

Mama_wa_Soroti

Na zile Magnum zilizobaki kwenye pakiti, zifunge hewa isiingie uziweke kwenye friza. Juu ya kabati kwenye joto letu asidi zinashuka, na miezi sita baadaye ile 12.5 ya kwenye karatasi itakuwa namba ya uongo.